Naomba ushauri: vibanda vya wageni karibu na Ngezi, Pemba
Asalaam aleikum jamani, nna kishamba cha urithi kule Konde, si mbali na msitu wa Ngezi, nataka nijenge vibanda vinne vidogo, mita 4 kwa 5 tu, vya wageni wanaokuja kuangalia popo wa Pemba, na sitaki kukata hata mkarafuu mmoja. Boriti za mikoko sizitaki, tunaimaliza wenyewe, nkatumia mvinje kwenye kibanda cha kwanza lakini mchwa washapanda mpaka kwenye kenchi, ukigonga nguzo inalia tupu na unga unamwagika, roho inaniuma kweli. Nikiinua sakafu juu ya mawe na chokaa itasaidia? Paa je, makuti yana ubaridi wake ila masika haya yamevuja, bati nalo mvua ikipiga hamsikilizani. Na choo, kisima kipo hatua 30 tu, naogopa kuchimba shimo. Aliyewahi kujenga huku anielekeze tafadhali.