Kitabu cha babu cha Keya kinabomoka, nianzie wapi?

BintiKisauni:
Assalam aleikum. Babu mzaa mama alikuwa Keya, yaani askari wa KAR (King's African Rifles), jeshi la Waingereza huku kwetu, alipelekwa Bama (Burma, siku hizi Myanmar) vita vya pili vya dunia akarudi salama, ashafariki zamani. Sasa juzi twatoa vitu chumbani kwa nyanya juu paa lavuja, tukapata mkebe wa biskuti ndani mna medali mbili na kile kitabu alichopewa alipoachishwa jeshi. Kurasa zimekuwa rangi ya chai, zimeshikana, pini imeota kutu mpaka imetoboa karatasi, na pale penye namba yake mtu alibandika selotepu miaka hiyo ikaganda, namba haisomeki. Mjomba ataka kipelekwe mjini kikatiwe lamineshen kesho, mie roho yakataa. Na nyanya alikuwa akisema babu hakupata penshen hata siku moja, je faili lake liko Nairobi ama Uingereza?

KaratasiZaKale:
Dadangu muombe mjomba angoje, tafadhali. Lamineshen ni joto na plastiki, ikishashika haitoki tena. Selotepu nayo usiibandue, itaondoka na wino. Piga picha kwanza kila ukurasa, karibu na dirisha, bila fleshi. Halafu pale penye namba zima taa, mulika tochi kutoka ubavuni, kalamu za zamani zilikandamiza karatasi kwa hivo alama yaweza kuonekana hata wino ukifa. Usitie kwa mfuko wa nailoni, na unyevu huu wa Mombasa kitaota ukungu. Bahasha ya karatasi, sanduku, juu ya kabati, mbali na ukuta na mchwa. Medali usizisugue.

MwanaMtongwe:
Mie babangu alikuwa Nevi hapa Mtongwe. Alipofariki mamangu alizungushwa ofisi moja karibu miaka miwili, leo faili halionekani, kesho jina la kitambulisho haliingiani na la jeshi, nenda rudi, mama wa watu na miguu yake mibovu. Kilichomuokoa ni silipu moja ya penshen ilikuwa imekunjwa ndani ya msahafu, ina namba ya utumishi. Kwa hivo namba, namba, namba. Majina waliandika vile walivosikia, ukikosa Katana tafuta Catana.

MzeeWaMakupa:
Binti yangu, Keya wengi walipewa kiinua mgongo mara moja wakaambiwa kwaheri, nyanya yako huenda asema kweli. Anza Nyaraka za Taifa, Moi Avenue Nairobi. Shajara za vikosi vilivyopigana Bama ziko Kew, London, kwenye Nyaraka za Taifa za Uingereza, kundi la WO 172, lakini zimepangwa kwa kikosi si kwa jina la mtu, kwa hivo tafuta bataliani. Medali zisikusumbue, za Waingereza za vita vya pili zilitolewa bila jina, za vita vya kwanza ndo zilikuwa na jina na namba ukingoni.
Na usidhani serikali kubwa hazipotezi. Marekani, St. Louis, tarehe 12 Julai 1973 jengo la rekodi za wanajeshi liliwaka moto, zikaungua faili kati ya milioni 16 na 18, hazikuwa na nakala. Mpaka leo wanaunganisha habari za watu kwa vipande, orodha za mishahara, na makaratasi ya nyumbani kama hicho kitabu chako. Hapa kwetu meli ya Khedive Ismail iliondoka Kilindini Februari 1944 na askari wetu wa mizinga, ikazamishwa karibu na Maldivi, wakafa zaidi ya watu 1,200. Kuna nyumba hazina hata karatasi moja ya kijana wao. Wewe unacho kitabu.

BintiKisauni:
Shukran sana nyote. Jana usiku tumezima taa, mjomba mwenyewe ndo alieshika tochi. Namba imeonekana yote isipokuwa ya mwisho, ni 3 ama 8, na chini yake pameandikwa 11 KAR. Mzee wa Makupa, hiyo ndo bataliani? Nitafute shajara ya 11?

MzeeWaMakupa:
Ndo hiyo, bataliani ya Kenya, walikuwa Bama 1944. Andika namba zote mbili, ya 3 na ya 8, uulizie zote.