Kadi ya pensheni ya baba iko kwa mkopeshaji, na uhakiki kaukwepa. Tuanzie wapi? (Tanga)

MwanaMakorora
Habari za humu wakuu. Baba yangu ana miaka 74, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, kastaafu 2011 enzi za PSPF, sasa yuko PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma. Miezi mitatu pensheni haijaingia. Ukimuuliza anasema "wanachelewesha". Mimi na dada tukawa tunamtumia hela ya dawa na boflo, tukaamini.

Juzi kaja kijana na pikipiki, shikamoo nyingi, eti amekuja kumchukua mzee akafanye uhakiki, ule wa mstaafu kuthibitisha yu hai ili pensheni iendelee kuingia, maana "bosi anaumia". Bosi gani tena? Kumbe baba alikopa laki nne kwa hawa wa kausha damu, wakopeshaji wa mtaani wenye riba kubwa, na dhamana ni kadi yake ya benki. Namba ya siri kaiandika mwenyewe juu ya bahasha, kwa mwandiko wake ule wa ubaoni, akawapa. Kila mwezi ikiingia 150,000 wao wanatoa, wanamwachia elfu 30. Ndiyo maana uhakiki kauacha makusudi. Kaniambia, "Nikihakikiwa wanakula wao. Heri ikae huko huko."

Sijui nicheke au nilie. Tukihakiki, watachota yote ya miezi mitatu. Tusipohakiki, mzee hana kitu. Mama naye ana presha, dawa tunanunua kwa pesa taslimu.

Baharia_Mstaafu
Pole binti. Usimgombeze mzee, wako wengi hapa Tanga na aibu ndiyo inawafunga mdomo. Anzeni benki. Aende mwenyewe na kitambulisho cha taifa (NIDA), kadi ifungwe, apewe mpya na namba ya siri mpya. Hiyo ikishafungwa ndipo mhakiki. Mkitanguliza uhakiki, hela ikiingia usiku, asubuhi imeshatoka ATM.

Kijeba wa Ngamiani
Haya yote ni kikokotoo, ile kanuni ya kukokotoa mafao! Mkupuo anaolipwa mtu akistaafu umeshushwa kutoka 50% hadi 33% Julai 2022, hata walipopandisha hadi 40 mstaafu bado anakopa.

Mwl_Pongwe
Kijeba, mzee kastaafu 2011. Kikokotoo kimemkuta yuko nyumbani anaota jua. Tusimpoteze mleta uzi.

MwanaMakorora, hamna haja ya kupanda pikipiki ya mtu. Pakua PSSSF Kiganjani kwenye simu janja yako, weka namba yake ya NIDA, mhakiki hapo hapo kibarazani. Mimi vidole vilikataa. Nalima mihogo, ncha zimekuwa kama msasa. Nikatumia sura, ikakubali. Ikigoma kabisa, ofisi yao ya mkoa ipo mjini. Uhakiki ni bure, anayetaka "ya kuharakisha" mfukuze. Na malimbikizo hayapotei, akishahakikiwa analipwa.

Halafu hili la mama mbona mnajitesa? Baba alikuwa anakatwa NHIF, bima ya afya, kwenye mshahara? Basi mstaafu mchangiaji na mwenza wake wanatibiwa kwa kadi bila kukatwa tena. Fuatilieni, beba na cheti cha ndoa.

MwanaMakorora
Alikuwa anakatwa mwalimu, na salary slip zote anazo kwenye sanduku la bati. Kadi ya mama iliisha muda tukadhani ndiyo basi. Asante sana.

Shangazi_wa_Chake
Huku kwetu Zanzibar mtu akifika 70 anapata pensheni jamii hata kama hakuwahi kuajiriwa siku moja. Ilianza Aprili 2016 kwa elfu 20. Mama yako angekuwa upande huu angekuwa na chake mkononi.

MwanaMakorora
Shangazi, mama kwao Wete, Pemba! Ila kaolewa huku mwaka wa hamsini huu.

Shangazi_wa_Chake
Basi huyo keshakuwa Mbondei, mwacheni 😂

Karani_Mzizima
Deni msilikimbie, mzee alikula hela ya watu. Ila ulizeni leseni. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inamtaka mkopeshaji awe nayo. Dai hesabu: katoa ngapi, kachukua ngapi. Na mkutane kwa mwenyekiti wa mtaa, msiwakaribishe sebuleni.

MwanaMakorora
Mrejesho. Kadi imefungwa leo saa nne. Baba alivaa koti la mahafali, benki wakamwita mwalimu, akafurahi mpaka akasahau kilichompeleka. Uhakiki vidole vilikataa mara mbili. Sura nayo ikasumbua hadi tulipomtoa ukumbini akakaa kwenye mwanga. Kofia aligoma kuivua, mama ndiye aliyemvua.

Mwalimu bwana, kumbe ana daftari. Kaandika kila mwezi, miezi tisa: alikopa 400,000, wameshachota 1,080,000. Kijana wa pikipiki kapiga simu mara sita hatupokei. Ya saba baba kapokea mwenyewe: "Njoo Jumatatu kwa mwenyekiti, na hesabu yako kwa maandishi. Nitaisahihisha."