Umenyimwa mafao ya ulemavu Marekani? Tupeane uzoefu wa rufaa na mawakili

Mwanzisha mada: Wakuu, habari za nani aliumia wapi tuziache, hapa tuweke namna kazi inavyofanyika. Naanza na siku. Ukipata barua ya kukataliwa kutoka Social Security (idara ya serikali inayotoa mafao haya), una siku 60 za kukata rufaa tangu uipokee. Wao huchukulia umeipokea siku 5 baada ya tarehe iliyo juu ya barua. Ngazi ya kwanza ni kuomba faili lipitiwe upya: fomu SSA-561, pamoja na SSA-3441 ya kueleza hali ilivyobadilika na SSA-827 ya kuwaruhusu wachukue rekodi zako hospitalini. Wakikataa tena, unajaza HA-501 usikilizwe na hakimu. Baada ya hakimu kuna Baraza la Rufaa, kisha mahakama ya shirikisho.

Mchangiaji 2: Msifungue maombi mapya badala ya rufaa! Ukianza upya unapoteza tarehe ya maombi ya kwanza, na malimbikizo (mafao ya miezi ya nyuma) yanakwenda nayo. SSDI (mafao ya aliyefanya kazi na kukatwa makato) inaweza kulipa hadi miezi 12 nyuma ya tarehe ya maombi. SSI (ya wenye kipato na mali kidogo) hairudi nyuma yake kabisa. Tena, aliyeacha kazi siku nyingi anaweza kukuta kinga inayotokana na makato yake ya SSDI imeshaisha.
Umepitisha siku? Peleka rufaa hivyo hivyo, na maelezo ya maandishi ya kilichokuchelewesha. Kulazwa, au kutoielewa barua kwa sababu ya lugha, ni sababu wanazozipima.

Mchangiaji 3: Kuhusu wakili: kwa mkataba wa kawaida halipwi mpaka ushinde. Anachukua asilimia 25 ya malimbikizo, na kuna kikomo, ambacho mwishoni mwa Novemba 2024 kilipandishwa kuwa dola 9,200. Social Security wenyewe humkata na kumlipa. Anayetaka "ya kufungulia faili" mkononi, mkimbie. Ila gharama za kutoa rekodi hospitalini ziko nje ya asilimia hiyo, ulizeni kabla ya kusaini. Fomu ya kumteua ni SSA-1696.

Mchangiaji 4: Kesi nyingi naona zinakwama kwenye barua ya daktari. "Mgonjwa huyu hawezi kufanya kazi" haina uzito, kwa kuwa uamuzi huo ni wa Social Security. Wakili mzuri humpelekea daktari dodoso: anakaa dakika ngapi kabla ya kusimama, anainua ratili ngapi, mkono wa kulia unashika vitu vidogo au haushiki, kwa mwezi atakosa kazi siku ngapi. Majibu hayo ndiyo wakili anayatumia kumhoji mtaalamu wa ajira (shahidi anayeeleza kazi zilizopo) mbele ya hakimu: mtu anayekosa siku tatu kila mwezi, kuna mwajiri atakayemweka? Lakini dodoso likipingana na maandishi ya kliniki, hakimu ataliweka kando. Kwa hiyo kila ukienda kliniki taja maumivu yote. Ile adabu yetu ya "sijambo, daktari" inaandikwa kwenye faili kama ilivyo.

Mchangiaji 5: Naongezea. Ushahidi upelekwe, au utajwe kwa maandishi, angalau siku 5 za kazi kabla ya kusikilizwa. Wakikupangia kupimwa na daktari wao, nenda. Kutokwenda bila sababu ya msingi kunatosha kukataliwa. Mkalimani wa Kiswahili ni bure, mwombe mapema, mtoto wako asiwe ndiye anayekutafsiria.