Mjadala: Mashujaa wetu tuwafulie sarafu, au tuandike majina yao?

Mlinzi mstaafu, Entebbe

Waungwana, naleta hoja. Miaka ya nyuma nilikuwa mlinzi Iraki, kama vijana wengi wa Uganda waliokwenda kulinda mageti ya kambi za Wamarekani. Siku namaliza mkataba, sajenti mmoja alinipa mkono, na nilipofungua kiganja nikakuta sarafu. Nzito, ina nembo ya kikosi chao. Hainunui hata kiberiti. Naiweka kabatini pamoja na hati ya kiwanja, basi pimeni wenyewe ninavyoithamini.

Wamarekani hawaishii hapo. Bunge lao hupitisha sheria, kiwanda cha serikali kikafua sarafu ya ukumbusho, na mnunuzi akalipa nyongeza juu ya bei. Mwaka 2022 zilitoka za Purple Heart, nishani ya waliojeruhiwa au kuuawa vitani. Ya fedha ya dola moja ilikuwa na nyongeza ya dola 10, ya dhahabu dola 35, na nyongeza hizo zilikusudiwa kusaidia jumba lao la kumbukumbu.

Sisi jeshi letu liko Somalia, katika kikosi cha Umoja wa Afrika, tangu Machi 2007. Shambulio la al-Shabaab kwenye kambi yetu ya Bulo Marer peke yake, la 26 Mei 2023, Rais mwenyewe alitangaza baadaye kwamba tulipoteza wanajeshi 54. Benki ya Uganda haiwezi kuwafulia hao sarafu? Nasema inawezekana na inafaa. Nipingeni.

Mwenye duka, Bombo

Nakupinga sasa hivi kabla wateja hawajajaa. Sarafu ya ukumbusho tunayo, mzee. Ya shilingi 1,000, ilitoka 2012 kwa jubilei ya miaka 50 ya uhuru. Leo asubuhi nimepokea tatu. Moja ilikuwa na unga wa chapati umekauka juu yake, nikaifuta kwa kanga ya mke wangu. Hakuna hata mmoja kati ya walionipa aliyeitazama, na mimi nisingeitazama kama usingeanzisha haya. Sarafu ikishaingia sokoni inakuwa chenji. Ya 50 unajua ilikoishia: mteja anaona heri umpe peremende. Ndiko unakotaka marehemu wafike?

Mlinzi mstaafu, Entebbe

Sijasema tuweke sura ya mtu. Majirani zetu Kenya wameipiga marufuku kabisa sura ya mtu kwenye pesa, imo katika katiba yao ya 2010. Za kwetu zina korongo, ng'ombe wa Ankole, samaki, na hatujalalamika. Weka kofia ya chuma juu ya bunduki iliyosimamishwa mtutu chini. Askari yeyote ataelewa.

Mjukuu wa KAR, Jinja

Askari ataelewa. Mtoto wake je?

Nieleze kidogo. Babu yangu na kaka yake waliingia KAR, jeshi la Waingereza la askari Waafrika enzi za ukoloni, wakapelekwa Burma kupigana na Wajapani. Mmoja alirudi, mwingine hakurudi. Baada ya vita nyumbani zilikuwepo nyota mbili za Burma, ile medali ya pembe sita. Zote mbili bibi alizitia katika kopo moja la majani ya chai. Sasa mimi ndiye mwenye kopo. Nimezigeuza mbele na nyuma, nimezisugua kwa majivu na limau: hazina jina. Ipi ni ya aliyelala Burma na ipi ni ya mzee aliyenifundisha kufunga kamba za viatu, hakuna anayejua tena. Baba yangu mdogo hudai anaijua kwa uzito. Anatudanganya, ila tunamwachia.

Ndiyo maana sarafu inanitia shaka. Chuma kinachofanana elfu kwa elfu kinamkumbuka nani? Nendeni Nairobi, Kenyatta Avenue, mkaitazame ile sanamu ya watu watatu wa Vita Kuu ya kwanza. Chini pameandikwa kwamba ukipigania nchi yako, hata ukifa, wanao watalikumbuka jina lako. Nimeizunguka sanamu nzima nikitafuta hilo jina. Hamna hata moja! Mwaka 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri yenyewe kwamba waliokufa wasipate kumbukumbu kwa jina, au wasipate kabisa, ni 116,000 kwa uchache na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri. Wachukuzi hasa. Mzungu alipewa jiwe lenye jina lake, Mwafrika akaambiwa atakumbukwa kwa jumla.

Sasa sisi wenyewe tunataka kukumbukana kwa jumla?

Mwalimu wa hesabu, Mbarara

Mjukuu kaongea kwa moyo, mimi naja na kalamu. Uganda haina kiwanda cha kufua sarafu, zetu hufuliwa nje. Gharama inakuja kwanza. Hata hao Wamarekani, sheria yao inataka kiwanda kirudishe gharama zake zote kabla nyongeza haijamfikia mlengwa, na tangu 1999 wanaruhusu mada mbili tu kwa mwaka, kwa sababu zilishakuwa nyingi hadi wanunuzi wakachoka.

Nasi tulishajaribu. Papa Paulo wa Sita alipotutembelea mwaka 1969, Uganda ilitoa sarafu za fedha na za dhahabu za ziara ile. Nani kijijini kwenu anayo? Ziko Ulaya kwenye visanduku vya wakusanyaji. Sarafu ya namna hiyo hununuliwa na mtu anayependa sarafu. Habari za Bulo Marer hana haja nazo.

Mama wa watoto wawili, Lira

Nimesoma kimya tangu asubuhi. Mume wangu alikufa Somalia. Tarehe nabaki nayo.

Alirudishwa kwa lori la jeshi, bendera juu, wakapiga risasi hewani, kuku wa jirani wakakimbia porini na mtoto wangu wa pili akacheka. Ndicho anachokikumbuka. Baada ya hapo nilibeba karatasi zangu kwenye kavera ya plastiki miezi kumi na minne: cheti cha kifo, barua ya LC1, yaani ya mwenyekiti wa kijiji, hati ya mirathi. Ofisi moja ilinirudisha mara tatu kwa sababu jina lake waliliandika kwa herufi moja pungufu. Herufi moja, jamani.

Hiyo sarafu itauzwa, sivyo? Mimi pia nitainunua?

Mlinzi mstaafu, Entebbe

Pole sana, dada. Hapana, wajane wangepewa bure, tena wa kwanza. Nilipaswa kulisema hilo mwanzoni.

Afande mstaafu, Masindi

Msimshukie sana huyu mlinzi, nia yake ni njema. Serikali ina medali: Luwero Triangle kwa waliopigana msituni na Museveni 1981 hadi 1986, Kagera kwa waliompinga Amin, Nalubaale kwa raia waliosaidia. Mimi ninayo moja. Lakini medali huvishwa mtu aliyesimama mstarini, jua linawaka, bendi inapiga. Aliyebaki msituni hana mstari wa kusimama. Jambo la kuwakumbuka wao ni deni, na mimi sarafu naikubali kuliko kimya.

Jina nalo lina nguvu, sikatai. Kila 9 Juni, Siku ya Mashujaa, watu husema Luttamaguzi, aliyeuawa 1981 kwa kukataa kuwataja wapiganaji wa msituni, na mtoto wa shule aliyezaliwa juzi analijua. Ila siku ile hakuuawa peke yake. Hao wengine waulizeni majina yao uone kama watayafikisha mawili.

Kijana wa Arua

Afande, shikamoo. Nina swali, na siulizi kwa ugomvi. Babu yangu alikufa 1979 vitani Lukaya, upande wa jeshi la Amin. Hakuchagua rais, alichagua mshahara. Kwenye sarafu yenu, au ukuta wenu wa majina, yumo?

Afande mstaafu, Masindi

Marahaba, mwanangu. Mimi nilikuwa upande wa pili mwaka huo huo. Niache nilale kwanza.

Mlinzi mstaafu, Entebbe

Basi nabadilisha sehemu moja ya hoja, nyingine naishikilia. Sarafu iwe ndogo, isiuzwe, isiingie sokoni, ipewe familia, na pembeni ichongwe jina la mtu mmoja. Mwalimu atasema gharama. Najua. Kwa kijana wa Arua sina jibu, na nisingependa kujifanya ninalo.

Mwenye duka, Bombo

Karibu na duka langu yupo fundi anayechonga mawe ya makaburi. Anatoza kwa herufi. Nimetoka nje nikamuuliza majina 54, mawili mawili kila mtu, atatoza ngapi. Ameacha patasi, ametafuta kalamu, sasa anahesabu. Ameniuliza kama ninayo orodha.