Naomba ushauri: mwanafunzi wa kemia katika chuo cha Kikristo apate nini hasa?

Habari zenu wakuu. Nafundisha kemia katika chuo cha Kikristo na nimepewa kazi ya kuandika malengo ya kozi. Upande wa ujuzi hauna shida: vipimo, titresheni, usalama wa maabara. Kinachonisumbua ni upande wa imani na maadili.

Sitaki kubandika mistari ya Biblia juu ya milinganyo. Hiyo haimjengi mtu. Natamani mwanafunzi aandike matokeo kama yalivyo hata yakipinga alichotarajia, maana kughushi data ni uongo kama uongo mwingine. Natamani pia amtafakari Fritz Haber, mwanakemia wa Kijerumani. Njia yake ya kupata amonia kutoka kwenye nitrojeni ya hewani ilizaa mbolea inayolisha watu wengi mno, na mwaka 1915 huyohuyo alisimamia shambulio la gesi ya sumu ya klorini kule Ypres, Ubelgiji, katika Vita Kuu ya Kwanza. Robert Boyle naye, mwanasayansi wa ile kanuni ya gesi, aliona kuchunguza maumbile ni kumtukuza Muumba.

Je, haya yaingie ndani ya vipindi vya kawaida au yawe somo la pekee? Na nitayapimaje bila kupima imani ya mtu? Mliosoma au kufundisha vyuo vya namna hii, nisaidieni.