Zukini inanigeukia uji kila nikipika, nisaidieni (ni ya mama mwenye sukari)

binti_usariver

Habari zenu wapendwa. Mimi niko Usa River hapa Arusha, mama yangu yuko kwangu tangu mwezi wa tatu, ana sukari na presha juu, kliniki wamemwambia apunguze ugali na wali alafu mboga ndo ijae kwenye sahani. Shida ni kwamba mboga zangu zimemchosha, leo mchicha kesho kabichi keshokutwa chainizi, anakula nusu anasogeza sahani na mimi roho inaniuma maana najua akiinuka na njaa, ikifika saa kumi ataulizia mkate.

Basi jumamosi nimeenda Tengeru sokoni, yule dada ninayenunuaga nyanya kwake alikuwa na zukini, zile za kijani kama tango, fungu la nne buku. Nikachukua mafungu mawili. Nimefika nimezimenya, nikakata kata kama kabichi, nikaanza na kitunguu, nyanya, nikaweka chumvi na maji kikombe kimoja nikafunika kama dakika ishirini hivi. Nafunua nakuta uji jamani. Juzi nikarudia, maji sijaweka kabisa, lakini bado sufuria likajaa maji sijui yametokea wapi na vipande vimelegea vyote. Mama kala kwa heshima tu, hajasema neno, na hilo ndo limeniumiza zaidi.

Naombeni anayejua aniambie: inamenywa au haimenywi? Mbegu natoa? Inakaa jikoni dakika ngapi? Na inaendana na nini cha kwetu maana kila nikitafuta naona mapishi ya jibini ambayo mama hali na mimi hela yake sina. Zimebaki tatu.

---

jiko_la_kati

Dada pole, hukukosea sana, umeipika kama kabichi na yenyewe sio kabichi. Nimefanya kazi jikoni hotelini hapa Arusha miaka sita na hii mboga nimeikata magunia kwa magunia. Kitu cha kwanza ujue zukini karibu yote ni maji, ukinunua kilo moja zaidi ya gramu 900 ni maji matupu, kwahiyo hayo maji uliyoyakuta kwenye sufuria yametoka humo humo ndani, na chumvi ndo iliyoyaita. Chumvi ikigusa zukini dakika mbili tatu utaona inatoka jasho. Sasa wewe umeweka chumvi mwanzo, ukafunika, mvuke hauna pa kutokea unarudi chini, basi mboga inachemkia kwenye maji yake yenyewe.

Fanya hivi. Osha, kata ncha mbili, usimenye. Kata katikati kwa urefu alafu vipande vya nusu duara unene wa kidole kidogo, usikate nyembamba zaidi ya hapo. Futa na kitambaa kikavu. Chukua flampeni pana, sufuria ya shimo haifai kwa hii, weka mafuta kijiko kimoja kikubwa, acha ipate moto kweli kweli, ukidondosha kipande kimoja kilie chwaaa. Kisipolia subiri. Panga vipande vilale, visipandane, kama ni vingi pika mara mbili, na hapa ndo watu wengi wanaharibu, wanajaza flampeni moto unakufa. Usikoroge! Acha dakika mbili mpaka chini ipate rangi ya kahawia, geuza, dakika mbili nyingine. Kitunguu swaumu kilichopondwa weka mwishoni kabisa, nusu dakika tu maana kinaungua upesi na kikiungua kinakuwa kichungu. Zima moto, ndo unaweka chumvi kidogo, ndimu, pilipili manga. Usifunike hata wakati unaisubiria mezani.

Yote haizidi dakika saba. Na ile ndimu usiiache, kwa mtu wa presha inasaidia mboga iwe na ladha wakati chumvi umeipunguza.

---

mwana_wa_pangani

Mwanangu binti wa Usa River, salaam sana na mpe mama pole. Mimi ni mtu wa Pangani, Tanga, na nikiiona hiyo zukini yenu naona ndugu yake mumunye. Sisi mumunye tumekula tangu tuko watoto na halijawahi kuwa tatizo kwamba limelainika, mumunye zuri ni lile linaloyeyuka mdomoni na tui limeshika. Kwahiyo huyo baba wa hotelini simpingi, ya kukaanga ni yake na ni nzuri, lakini kulainika sio kosa mwanangu, kosa ni mchuzi kuwa mwepesi hauna ladha. Uji wako ulikuwa umekosa tui tu.

Kuna nazi, kuna mbuzi ya kukunia, basi ipo mboga. Kuna nazi moja ndogo, kamua tui zito kikombe kimoja na hilo jepesi la pili usilitumie humu, tengea wali au maharage, maana hii mboga maji yake inayo tayari. Katakata vipande vikubwa kidogo kama vya kiazi cha mchuzi. Bandika na kitunguu maji, nyanya moja, bizari ya manjano ncha ya kijiko, pilipili mbichi nzima isipasuke, bila maji, wazi bila kifuniko, moto wa wastani. Yale maji yatatoka, yaache yapungue mpaka yabaki ya kulowesha tu. Hapo ndo mimina tui, koroga upande mmoja pole pole lisikatike, likianza kuchemka kidogo epua. Ukipata uduvi uliokaushwa, osha vizuri utangulize na kitunguu, mama atauliza kama bado ipo.

Na mimi namenya, siwezi kula ganda la mumunye, gumu lile.

---

mkulima_usambara

Shikamoo mama wa Pangani. Naomba niingilie hapo kwenye kumenya kwasababu mko sahihi wote wawili, inategemea imechumwa lini. Mimi nalima Lushoto, nina vitalu viwili vya zukini pembeni ya karoti. Hii kitu ukipanda mbegu wiki ya sita mpaka ya nane unaanza kuchuma, na ikishaanza inakua haraka mno, asubuhi unaiacha ni ya kiganja, ukikaa siku mbili tatu hujaenda shambani unakuta imekuwa kama mguu wa mtoto. Ile ndogo, sentimita 15 mpaka 20, ganda lake ni laini unaweza kuipasua kwa kucha, mbegu hazijakomaa hata huzioni, hiyo unakula yote. Ile kubwa ndo ganda limekuwa gumu, katikati kuna sponji na mbegu, hiyo menya, pasua, kwangua ule moyo na kijiko utupe, zinazobaki peleka kwenye nazi ya mama wa Pangani, kwenye kukaanga haitakufaa.

Kwahiyo sokoni dada usikimbilie kubwa kwasababu bei ni moja. Chukua ndogo nzito, ganda linang'aa, kikonyo bado kibichi. Bonyeza na kidole, ikibonyea iache. Nyumbani usioshe kabla ya kuhifadhi, ikikaa na maji inaoza, osha siku ya kupika.

Kingine na hiki naomba kila mtu akisome. Kabla hujapika kata kipande ncha ya ulimi uonje kikiwa kibichi. Zukini nzuri haina uchungu, ina utamu kwa mbali au haina ladha. Ukikuta chungu kabisa, tema, tupa yote, usimwonee huruma mtu aliyekuuzia wala pesa yako. Kuna sumu ya asili inaitwa kukabitasini iko kwenye ukoo wote wa matango na maboga, kwenye mbegu za dukani wameshaipunguza, lakini mtu akiotesha mbegu alizokamua mwenyewe kutoka kwenye zukini iliyopakana na maboga pori, uchungu unaweza kurudi. Kupika hakuiondoi. Inaendesha tumbo vibaya. Mimi tangu nijue hilo sijaotesha tena mbegu ya kukamua, nanunua kila msimu ingawa inaniuma.

Na ua lake linaliwa pia, lile la dume lenye kikonyo chembamba, jike lina kizukini kidogo nyuma yake. Ila acha madume machache shambani nyuki wapate kazi, sivyo hutachuma kitu.

---

wa_nakuru

Hujambo dada, huku kwetu Kenya tunaiita kojeti, mama mboga wa mtaa huwa nayo pamoja na hoho na karoti. Mimi nina watoto wawili ambao hawataki kuona kitu kijani kwa sahani kwa hivyo nimejifunza kuikuna. Unachukua kojeti mbili, unazikuna kwa grata ile ya karoti, upande wa matundu makubwa, unanyunyiza chumvi robo kijiko cha chai, unaacha dakika kumi. Halafu unaweka kwa kitambaa safi unakamua kwa nguvu, utashangaa vile maji yatatoka, karibu kikombe, na chumvi nyingi inaenda na hayo maji kwa hivyo usiongeze ingine. Hiyo iliyobaki changanya na mayai mawili, unga wa dengu vijiko vitatu vikubwa, kitunguu kilichokatwa ndogo ndogo, dania, bizari ya pilau kidogo. Teka kwa kijiko weka kwa pan yenye mafuta kidogo tu, bonyeza iwe kama chapati ndogo, dakika tatu tatu kila upande.

Wangu wanakula nne nne na uji asubuhi. Nadhani kwa mama yako itakuwa nzuri ile saa ya mkate kwa sababu dengu na yai zinashibisha. Lakini pika mara moja ukishachanganya, ukiiacha inaanza kutoa maji tena.

---

nesi_mstaafu

Binti hongera kwa kumtunza mama. Nimekaa kliniki ya sukari muda mrefu kabla sijastaafu, nitasema machache.

Zukini mbichi gramu 100 ina kalori kama 17 na wanga gramu 3 hivi, wali uliopikwa kiasi hicho hicho una kalori kama 130 na wanga unakaribia gramu 28. Ndo maana anaweza kujaza nusu ya sahani na zukini bila wasiwasi. Nusu mboga, robo ugali na dona ni bora kuliko sembe, robo nyingine samaki au maharage au yai. Lakini zukini sio dawa ya sukari, nasema kwasababu kuna watu wataanza kumwambia anywe juisi yake asubuhi aache vidonge. Vidonge viendelee. Na kama ameanza kula ugali kidogo sana kuliko zamani na bado anameza dozi ile ile au anachoma sindano, waambieni kliniki, sukari inaweza kushuka, mtu anatokwa jasho, anatetemeka, anachanganyikiwa. Ikitokea mpe kitu cha sukari haraka, hapo hapo.

Presha: chumvi ya siku nzima isizidi kijiko kimoja cha chai kilicho flati, na ndani ya hicho hesabu chumvi ya dagaa, ya mkate na ya vile vikyubu vya mchuzi ambavyo watu wanadhani ni viungo tu. Kama unaweka uduvi wa mama wa Pangani, loweka umwage maji na chumvi nyingine usiweke kabisa. Nazi haijakatazwa, ila mafuta yake ni mazito, mara moja au mbili kwa wiki inatosha.

Kama figo zake zimeguswa na daktari amemwambia apunguze potasiamu, uliza kwanza kabla hujaongeza mboga na matunda kwa wingi. Kama hajaambiwa hivyo, ale.

---

binti_usariver

Jamani nimerudi. Asanteni sana, nimesoma yote mara mbili, ya kuonja kabla sikuwa naijua kabisa na nimewatumia hadi dada zangu.

Jana nilibaki na zile tatu, mbili ndogo na moja kubwa. Mbili nikazikaanga kama alivyosema mkuu wa jiko_la_kati, flampeni nimeazima kwa jirani maana yangu ndogo. Awamu ya kwanza nilijaza nikaona inaanza kutoa maji, nikatoa nusu haraka, ikakaa sawa. Zimepata rangi kabisa! Nikaweka ndimu na dagaa wa kukaanga pembeni na kipande cha ugali wa dona. Mama kala akamaliza, akasema hii leo ina meno, yaani anaitafuna sio anaimeza, akaniuliza kama jumamosi naenda tena Tengeru. Saa kumi ilipofika hakuulizia mkate, alikunywa chai kavu akalala kidogo. Figo walipima mwezi wa nne wakasema ziko vizuri, na hilo la dozi nitauliza tarehe yake ikifika wiki ijayo, asante sana mama nesi.

Ile kubwa nimeimenya nimekwangua moyo, iko kwenye bakuli, nazi nimenunua. Mama wa Pangani naomba kuuliza, kitunguu unakikaanga kwanza kwa mafuta au vyote vinaingia pamoja? Na pilipili mama hali kali, inaumiza?

---

mwana_wa_pangani

Vyote pamoja mwanangu, mafuta ya nini na tui linakuja. Pilipili ikiwa nzima na kikonyo chake inatoa harufu tu, mchuzi hauwi mkali, ila wakati wa kupakua itoe wewe mwenyewe isije ikapasuka kwenye sahani yake. Na tui likishaanza kupanda usiende mlangoni kumsikiliza mtu, simama hapo hapo na mwiko.

---

binti_usariver

Sawa mama, nabandika sasa hivi.