Programu ya simu ya kumwongoza mwanafunzi chuoni: tuijenge kwa njia ipi kati ya hizi tatu?

Msanifu Mwanafunzi (mwanzilishi wa mada)

Wanajukwaa, salaam. Sisi ni kikundi kidogo cha wanafunzi wa kompyuta tunaosanifu programu ya simu itakayomsaidia mwanafunzi wa chuo kikuu kujua kipindi chake kijacho kiko ukumbi gani, kuufikia ukumbi huo bila kupotea, kupata matangazo ya idara kwa wakati, na kufahamu ofisi ipi inashughulikia jambo lipi. Tumebaki na njia tatu. Ya kwanza ni kuandika programu mbili, moja ya Android kwa lugha ya Kotlin na nyingine ya iPhone kwa lugha ya Swift. Ya pili ni kutumia Flutter, zana ya Google ambayo toleo lake la 1.0 lilitoka Desemba 2018, ili msimbo mmoja, yaani maandishi ya programu, uhudumie simu za aina zote mbili. Ya tatu ni programu ya wavuti, inayofunguliwa kwenye kivinjari na ambayo mtumiaji anaweza kuiweka kwenye skrini ya simu yake bila kupitia duka la programu. Naomba ulinganisho wa wenye uzoefu, mkizingatia kwamba sisi sote tutahitimu na kuondoka, ilhali tungependa kazi hii ibaki ikitumika.

Fundi wa Msimbo

Ndugu Msanifu, sentensi yako ya mwisho ndiyo inayopaswa kuamua. Programu mbili zina maana kwamba kila kosa litasahihishwa mara mbili na kila kipengele kipya kitaandikwa mara mbili, na watakaowarithi watalazimika kujua lugha mbili kabla ya kugusa chochote. Faida yake kubwa ni kuzifikia sehemu za ndani za simu kwa urahisi, lakini ratiba, matangazo na orodha ya ofisi havihitaji uwezo huo.

Flutter inapunguza mzigo huo, ingawa ina gharama yake. Inachora yenyewe kiolesura chake, yaani kile mtumiaji anachokiona na kukigusa kwenye skrini, badala ya kutumia vitufe na menyu za simu, kwa hiyo faili la kupakua huwa kubwa kuliko la programu rahisi iliyoandikwa kwa Kotlin, jambo ambalo mwanafunzi mwenye simu iliyojaa ataliona mara moja. Tena kuna suala la maduka: Google hutoza ada ya usajili mara moja tu, ilhali Apple hutoza kila mwaka, na uanachama ukiisha bila kulipiwa programu huondolewa dukani. Amueni sasa nani atalipa mkishaondoka.

Mtetezi wa Wavuti

Naunga mkono njia ya tatu, na nitaeleza pia udhaifu wake ili msije mkashtukizwa. Programu ya wavuti inaweza kuhifadhi kurasa na data zake ndani ya simu, hivyo mwanafunzi akaiona ratiba yake hata pasipo mtandao. Marekebisho yakiwekwa kwenye seva, yaani kompyuta inayoihudumia programu, humfikia kila mtu bila kusubiri idhini ya duka lolote, na mwanafunzi mpya huipata kwa kupiga picha msimbo wa QR uliobandikwa penye dawati la usajili.

Kikwazo kiko upande wa iPhone. Arifa za programu za wavuti zilianza kupatikana huko kwa toleo la 16.4 la iOS, mfumo endeshi wa iPhone, lililotoka Machi 2023, na hufanya kazi pale tu mtumiaji anapokuwa ameiweka programu kwenye skrini ya mwanzo. Isitoshe, tangu mwaka 2020 Safari, kivinjari cha Apple, hufuta data iliyohifadhiwa na tovuti ambayo mtumiaji ametumia kivinjari hicho kwa siku 7 bila kuigusa, isipokuwa tovuti hiyo iwe imewekwa kwenye skrini ya mwanzo. Kwa hiyo hatua ya kuiweka hapo ielezwe kwa picha, mara tu mtumiaji anapoifungua kwa mara ya kwanza.

Mchora Ramani

Ruhusuni nigeuzie mjadala upande wa ramani, kwa sababu hapo njia zote tatu zinakutana na tatizo lilelile. Simu iliyo chini ya anga wazi hukadiria mahali ilipo kwa kosa la mita 5 hivi. Ikiingia ndani ya jengo, ishara za setilaiti hudhoofika na makadirio hayo huharibika, na simu haiwezi kueleza kwa uhakika kama uko ghorofa ya pili au ya nne. Wapo wanaotundika vifaa vidogo vya Bluetooth kwenye korido ili simu ijitambue ilipo. Vinasaidia, lakini vina betri za kubadilishwa, na kifaa kilichozimika humpotosha mtu bila yeye kujua.

Mimi ningechagua mchanganyiko wa kawaida zaidi. Kwa njia za nje, tumieni OpenStreetMap, mradi wa ramani huria ulioanza mwaka 2004, ambao data zake mnaruhusiwa kuzitumia mkitaja chanzo na mnaweza kuzirekebisha wenyewe pale njia mpya inapofunguliwa. Kwa ndani ya majengo, andikeni maelezo mafupi ya kila ukumbi: mlango wa kuingilia, ngazi ya kupanda, ghorofa, upande, pamoja na picha moja ya mlango wenyewe. Kumbukeni pia anayetumia kiti cha magurudumu. Ngazi huwekewa alama yake kwenye OpenStreetMap, kwa hiyo programu inaweza kuzikwepa inapotafuta njia fupi. Kama alama hizo hazipo chuoni kwenu, kazi ya kuziweka itangulie kazi ya kupamba kiolesura.

Afisa wa Ratiba

Nafanya kazi ya kupanga vipindi, na nasoma mjadala huu kwa wasiwasi kidogo, kwani mnalinganisha zana huku data ikiwa bado haijazungumziwa. Mwanzoni mwa muhula vipindi huhamishwa mara kwa mara: ukumbi umeonekana mdogo, mihadhara miwili imegongana, mhadhiri amebadilishiwa siku. Programu yenye nakala yake ya ratiba, hata iwe nzuri namna gani, itaanza kusema uongo ndani ya wiki moja, na mwanafunzi aliyepelekwa ukumbi usio wake siku ya mtihani hataifungua tena, na ana haki.

Mna njia tatu hapa pia. Mnaweza kuingiza ratiba kwa mikono, na mtachoka. Mnaweza kuandika msimbo unaosoma kurasa za tovuti ya chuo na kuchota ratiba humo, lakini siku mpangilio wa ukurasa ukibadilika msimbo huo utavunjika. Au ombeni mfumo wa ratiba utoe vipindi kwa muundo wa iCalendar, ambao kanuni zake za sasa zilichapishwa mwaka 2009 na ambao kalenda nyingi za simu huusoma. Hii ya tatu inahitaji barua, vikao na subira, na bado ndiyo ninayowasihi mwichague. Kisha kila ratiba ionyeshe saa na tarehe iliyosasishwa mwisho, kwa maandishi yanayosomeka vizuri.

Mwanafunzi wa Mwaka wa Kwanza

Nawashukuru nyote, na naomba niongeze sauti ya mtumiaji. Mtu akiwa mgeni chuoni hahitaji kurasa ishirini. Anahitaji kujibiwa anakokwenda sasa, na kujua nani wa kumwona fomu yake inapokwama. Pia mimi nisingeipa programu ya wanafunzi wenzangu nywila ya akaunti yangu ya chuo, wala nisingependa iandike kila mahali ninapopita.

Fundi wa Msimbo

Dada yuko sahihi kabisa. Mwanafunzi aingie kupitia ukurasa wa chuo chenyewe, ambao huirudishia programu kibali tu, bila nywila kupita mikononi mwenu. Mahali alipo pakokotolewe ndani ya simu na pasitumwe kwenye seva.

Msanifu Mwanafunzi

Tumekaa na wenzangu tukakubaliana kuanza na programu ya wavuti yenye mambo mawili tu, ratiba na maelezo ya kumbi, na barua ya kuomba iCalendar tunaiandika wiki hii. Flutter tutaifikiria iwapo arifa za iPhone zitatukwamisha. Limebaki swali moja: kikoa (anwani ya tovuti) na seva visajiliwe kwa jina la nani?

Afisa wa Ratiba

Kwa jina la chuo, kupitia anwani ya barua pepe ya ofisi na si ya mtu binafsi. Liwekeni ombi hilo ndani ya barua hiyohiyo ya iCalendar, mtaje na mfanyakazi mmoja wa idara ya teknolojia aliyekubali kuwa mwangalizi, kwa maana ombi lisilo na mwangalizi hukaa mezani muhula mzima.